Malalamiko Dhidi ya Majani ya East Pomfrey

Bernadette Fournier,
Barabara ya Bondeni, nyumba ya mwisho,
East Pomfrey, Vermont.
Jumapili ya pili ya Agosti, baada ya ibada

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Mtandao Usio na Waya,
East Pomfrey.

YAH: MAJANI

Ndugu Mwenyekiti Tuttle,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mkeo na yule mbwa wenu anayelala katikati ya barabara. Mimi ni mzima, ila mtandao wangu u mahututi tangu mwezi wa tano. Ndiyo maana nakuandikia rasmi namna hii, ingawa leo asubuhi kanisani tulikaa benchi moja na ningeweza kukunong'oneza wakati wa mahubiri. Mambo mengine hayanong'onezwi.

Barua yako ya wiki jana nimeipata. Nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa hasira na ya pili kwa miwani. Unanipa njia mbili. Ama niukate mti wa mepo ulio langoni kwangu, kwa sababu eti ndio unaoziba mawimbi, ama kisanduku cha kupokezana mawimbi kifungwe juu ya silo ya jirani yangu, yaani ule mnara wa kuwekea malisho ya ng'ombe, kwa makubaliano ya maandishi baina yangu na yeye. Nisipochagua kabla ya mwezi huu kwisha, nitaondolewa kwenye mpango. Njia zote mbili nazikataa kwa heshima na taadhima. Nimeona pia ule mstari wa chini kabisa, wa herufi ndogo, unaosema kwamba malalamiko kuhusu mtandao yatapokelewa kwa njia ya mtandao pekee. Mstari huo nitashughulika nao nikiufikia. Mto huvukwa ukifikiwa.

Kwa kuwa barua hii itasomwa mbele ya kamati nzima, na kamati ina watu waliohamia juzi (wewe mwenyewe, Ndugu Tuttle, una miaka thelathini tu hapa), naomba nianze mwanzo.

Kila jambo la mji huu huamuliwa Jumanne ya kwanza ya mwezi wa tatu, kwenye Mkutano wa Mji. Waliotutangulia waliuchagua mwezi huo kwa sababu mkulima hana pa kwenda: theluji bado imelala, miti haina hata jani, ng'ombe wako ndani, na utomvu wa mepo, ule tunaouchemsha uwe asali, ndio kwanza unaanza kudondoka ndooni. Basi mwaka huu ulisimama mbele ya ukumbi na ramani yako ya kompyuta, ukatuonyesha antena kuu juu ya mnara wa kanisa na miduara ya kijani iliyofunika bonde zima. Ukatufundisha kwamba antena mbili lazima zionane, zisipoonana hazisikilizani. Tukaelewa. Tukatoka nje na sahani zetu za maharage mkononi, ukanyoosha kidole, na kweli, kutoka kanisani hadi dirishani kwangu kulikuwa kweupe kabisa. Mtu angeweza kuhesabu maua ya pazia langu.

Kabla ya kura, Delbert Sprague alisimama. Kwa wageni wa kamati, Delbert ni jirani yangu wa ng'ambo ya kijito, mwenye ile silo. Ni mtu wa kusema sentensi moja kwa mwaka. Akasubiri msimamizi ampe nafasi, akavua kofia, akasema, "Na majani je?"

Ukumbi mzima ulicheka. Sikumbuki ni nani alicheka kwa sauti kubwa kuliko wote. Nimesikia ikisemwa kwamba kuna mwanamke alipaza sauti, "Keti, Delbert! Wewe unaonja machipukizi hata kwenye theluji!" Kumbukumbu za mkutano hazikumtaja mwanamke huyo kwa jina, kwa hiyo sioni faida ya kulichimba jambo hilo. Delbert akaketi, akamalizia maharage yake. Kura ikapigwa kwa sauti, mpango ukapita, na wiki hiyohiyo mkapima mawimbi nyumba kwa nyumba, mkiwa mmevaa viatu vya theluji. Nyumba yangu ilishika mtandao vizuri kuliko zote. Mliniambia hivyo wenyewe.

Sasa malalamiko.

1. Majani yaliota bila taarifa. Mwezi wa tatu na wa nne, kila Jumapili jioni, nilikuwa nakaa mezani na kumwona mjukuu wangu Colette, aliye muuguzi kule Anchorage, Alaska. Colette ndiye mjukuu pekee niliyejaliwa, na ana mimba ya kwanza. Alikuwa akisimama ubavu mbele ya kompyuta na kuniuliza, "Bibi, limekua?" nami nikimjibu, "Geuka kidogo nione." Ilipofika katikati ya mwezi wa tano akaanza kukwamakwama. Picha yake ya mwisho niliyopata ameachama mdomo, jicho moja limefumba, na maneno yake ya mwisho yalikuwa, "Bibi, nataka umwite—" Hadi leo sijui niite nani. Nilimpigia kwa simu ya ukutani, akasema amesahau alichokuwa anataka kusema.

Msiniambie basi nitumie simu ya ukutani. Simu ninayo, na sauti naipata. Lakini mtoto mchanga hana la kusema kwenye simu. Mtoto anatarajiwa katikati ya mwezi wa tisa, na majani ya bonde hili hayaanguki mpaka mwisho wa mwezi wa kumi. Mimi ndege sipandi, na umri wangu ni wa kusubiri mambo machache tu. Nataka kumwona mtoto huyo akiwa bado amekunjamana. Akishakunjuka atakuwa mtoto kama watoto wengine. Hilo ndilo nililo nalo moyoni, na yanayofuata yote yasomwe kwa kulikumbuka hilo.

2. Ramani yenu. Ulipokuja mwezi wa sita na ngazi, ukapandisha antena yangu kutoka dirishani hadi kwenye bomba la moshi, kisha ukaifunga kwenye mpini wa reki ya nyasi kavu na kuuinua huo mpini kama bendera, sikusema neno. Niliposema neno ni pale uliposhuka, ukafungua kompyuta yako juu ya banda la kuku na kuniambia, "Mama Fournier, kwenye ramani wewe unao mtandao." Nilikuuliza, na leo nauliza tena kwa maandishi: niende nikaishi kwenye ramani? Ramani hiyo inakijua kila kilima cha wilaya hii mpaka urefu wake, lakini haijui hata mti mmoja. Naomba irudishwe kwa aliyeitengeneza. Naye aletwe huku mwezi wa saba atembee kwa miguu.

3. Kanisa. Kwa kuwa antena kuu iko kwenye mnara wa kanisa, na kanisa haliioni nyumba yangu, naomba kanisa lisogezwe. Kamati isishtuke. Kanisa hili lilikwisha kusogezwa zamani, likavutwa na maksai juu ya magogo kutoka upande wa makaburini, kwa sababu tu babu zetu waligombana kuhusu njia. Kama lilisogezwa kwa ugomvi, litashindwaje kusogezwa kwa mtoto mchanga? Naomba lisogezwe kuelekea kijitoni mpaka liuone upande wa jikoni kwangu. Waumini watazoea. Mchungaji nilimdokeza leo mlangoni, akacheka, na mimi nahesabu kwamba amekubali.

4. Watalii wa majani. Hapa ndipo ninapoishangaa kamati yenu yenye watu waliosoma. Kila mwaka mwezi wa kumi watu hutujia kwa mabasi kutoka New Jersey na kwingineko, wanaziba barabara, wanasimama katikati ya malisho, kisa waangalie majani jinsi yalivyogeuka mekundu. Wanayapenda majani kuliko sisi. Basi wapewe! Naomba watangaziwe waje mwaka huu mapema, wiki ya kwanza ya mwezi wa tisa, na kila mmoja apewe ngazi na gunia. Ayachume kwa mkono wake, aende nayo kwao akayaangalie mpaka achoke. Kwa hesabu yangu basi moja litasafisha upande wa kusini wa barabara kabla ya chakula cha mchana. Najua utasema kwamba majani yakiwa ya kijani hayana mvuto kwao. Hilo ni tatizo la watalii, si la mtandao.

Ikishindikana, basi Mkutano wa Mji uitishwe na kupitisha amri kwamba mwakani machipukizi yasifunguke kabla ya kamati kukagua. Tumewahi kupiga kura kuhusu mambo ya kijinga zaidi ya hilo. Tulipiga kura kuhusu rangi ya kibanda cha chumvi ya kuyeyushia barafu barabarani, ikachukua asubuhi nzima.

5. Mti wangu. Nimeuweka hapa katikati ili usionekane sana.

Mnasema mti mmoja tu ndio unaoziba mawimbi, na kwamba majani yake yamejaa maji, na maji huyanywa mawimbi. Sibishi. Mtu asiyejua utamu wa maji ya mti huo si mtu wa bonde hili. Armand, mume wangu, Mungu amrehemu, alianza kuugema kabla hatujaoana. Baba yangu hakutaka kumwona Mfaransa barazani kwake, kwa hiyo Armand alikuwa anakuja kuomba ruhusa ya kugema mti wa langoni, na kila siku anarudi kuangalia ndoo. Ndoo ilikuwa inaangaliwa ikiwa haina kitu. Baba alikuja kuelewa mwezi wa tano, mti umeshatoa majani na huyu bado anakuja na ndoo. Armand amefariki, makovu ya vigemeo vyake yako kwenye gome, ingawa mengine siyaoni tena kwa kuwa mti umeyafunika. Mimi mti huo siukati. Siukati hata kama mawimbi yote ya dunia yananywewa hapo.

Lakini sitaki nionekane mbinafsi. Kateni mingine! Miti ya kiwanja cha mji, kateni. Ile misonobari mliyopanda wewe na mkeo ili msiuone uzio wa kuku wa jirani yenu, hiyo ianze. Kateni kilima chote cha nyuma ya shule, na kilima chenyewe mkishushe, mawimbi yazunguke kwa huko yanifikie kutoka nyuma. Mzigo wa mtandao uchukuliwe na wote, siyo na mjane mmoja na mti mmoja.

6. Kuhusu njia ya pili, yaani silo ya Delbert Sprague, sina la kusema.

Ila niseme hivi. Silo hiyo ni tupu tangu alipouza ng'ombe, imesimama hapo kama kidole. Inaliona kanisa, na inaiona nyumba yangu kwa pembeni, mti haumo kabisa katika njia yake. Hilo hakuna aliyehitaji kompyuta kulijua, mimi huiona kila ninapoosha vyombo. Kwamba yeye mwenyewe amekuwa na mtandao mzuri majira yote ya joto, nalo nalijua. Simwonei wivu. Sijui mtu asiye na ng'ombe wala mtoto anautumia kufanya nini.

Tatizo ni haya makubaliano ya maandishi. Makubaliano huanza na mmoja kwenda kuomba. Na mimi, Ndugu Mwenyekiti, siwezi kwenda kumwomba Delbert Sprague kitu, kwa sababu ya yaliyotokea kwenye maonyesho ya wilaya mwaka jana. Kwa wageni: asali ya mepo huonjwa na waamuzi, na asali yangu ilikuwa imeshika utepe wa kwanza kila mwaka mpaka watu wakaanza kusema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwaka jana mwamuzi alikuwa Delbert. Akachukua kijiko, akaonja, akaangalia dari ya hema, akatamka mbele za watu, "Ina machipukizi."

Mgemaji yeyote anajua maana yake. Maana yake ni kwamba umeendelea kugema wakati mti umeshaanza kuchipua, na asali imeingiwa na ladha ile chungu. Maana yake ni kwamba majira yamekuja na wewe hukuyaona. Nilipewa utepe wa tatu. Nilimwambia, "Delbert, ulimi wako umelala na ng'ombe miaka yote, leo ndio umeamka?" Tangu siku ile hatusemezani, isipokuwa yule mwanamke asiyejulikana aliyemfokea mkutanoni, kama ni kusemezana.

Msinielewe vibaya, simchukii. Tangu Armand afariki, Delbert ndiye anayenizolea theluji njiani kwa trekta lake kabla sijaamka, na hata baada ya maonyesho ameendelea, nadhani kwa makusudi ya kuniudhi. Sikumwomba. Kila akizoa, mimi namwekea pai ya tofaa juu ya sanduku lake la barua, bila maneno, ili tusiwe na kudaiana. Yeye sahani anairudisha ikiwa imeoshwa. Sisi huku ndivyo tunavyokosana. Lakini kuzoa theluji bila kuombwa ni jambo moja, na mimi kubisha mlangoni kwake na kusema "Delbert, naomba" ni jambo jingine kabisa. Nimeishi umri huu wote bila kumwomba mtu kitu katika bonde hili, na kamati yenu haitaniondolea rekodi hiyo kwa sababu ya kisanduku.

Nimesema sina la kusema, nami nimemaliza.

7. La mwisho ni mtoto mwenyewe. Ikiwa kamati itashindwa kuyazuia majani, kulisogeza kanisa, kuwaleta watalii na kukishusha kilima, basi naomba iandike barua rasmi, kwa muhuri wa mji, kwa hospitali ya Anchorage, kuomba uzazi wa Colette uahirishwe hadi wiki ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja, majani yatakapokuwa chini. Nimemgusia Colette kwa simu. Alisema, "Bibi, mbona hilo haliwezekani?" Nikamjibu kwamba hata mtandao usio na waya tuliambiwa hauwezekani, na tazama, unafanya kazi nusu mwaka. Akaniuliza, "Bibi, huko kwenu hakuna mtu wa kumwomba msaada?" Muuguzi huyo, kazi yake ni kuuliza panapouma. Nilimwambia kijiko kinaungua jikoni, nikakata simu.

Hayo ndiyo malalamiko yangu. Nimeyaandika bila hasira, na yaliyoandikwa kwa hasira nimeyafuta. Naomba majibu kabla ya mwezi kwisha. Nami naiahidi kamati kwamba kanisa litakapofika kijitoni, kahawa ya wavutaji itakuwa juu yangu.

Msalimie mkeo, na mbwa, na mchungaji, na dada wa maktaba. Mwambie huyo wa maktaba kwamba simlaumu kufungua maktaba na mtandao wake siku zile tu ambazo Colette yuko zamu. Wasalimie wote waliopiga kura na waliocheka. Delbert Sprague sina haja ya kumtumia salamu kupitia kwako, maana tunaonana kila siku, yeye kwenye ua wake na mimi kwenye karo langu la vyombo.

Naomba nibaki, langoni pangu na chini ya mti wangu,
mwananchi wenu asiyeshika mtandao,

Bernadette Fournier

Nyongeza, siku hiyohiyo, jioni.

Ndugu Mwenyekiti, nimeufikia ule mstari wa herufi ndogo. Maktaba imefungwa, na barua ya kulalamikia mtandao haipokelewi bila mtandao. Nilizunguka na kompyuta kifuani nyumba nzima, nikaenda mpaka bandani kwa kuku, hola. Nikakumbuka kwamba mtandao wa Delbert huvuja mpaka kwenye uzio wake, kwa hiyo nikavuka kijito, nikaiweka kompyuta juu ya nguzo ya uzio, nikaanza kuituma bila kumsumbua mtu. Mkoba nilikuwa nao, na ndani ya mkoba palikuwa na chupa ya asali, kwa sababu mimi siendi kwenye ardhi ya mtu mikono mitupu, hata nikienda kwa siri.

Delbert akatoka na miwani yake paji la usoni.

"Bernadette. Unatafuta ng'ombe? Niliwauza."

"Natafuta mtandao."

"Uko jikoni," akasema. "Ingia."

Jikoni kwake kuna kiti kimoja kinachokalika, akanipa hicho. Yeye akakaa juu ya ndoo ya maziwa iliyopinduliwa. Akaiona barua kwenye kioo na kuisoma yote, polepole, midomo ikitembea. Kwenye namba ya tano aliacha kusoma kwa muda, akaangalia dirishani upande wa mti. Kwenye namba ya sita masikio yake yaligeuka mekundu. Alipomaliza alivua miwani akasema, "Ungeuliza tu."

"Na wewe ungesema tu."

"Nilisema," akajibu. "Mwezi wa tatu."

Basi nikafungua mkoba, nikatoa karatasi iliyokuja na barua yako. Nikamwambia kwamba mwanamke yule aliyepiga kelele mkutanoni huenda akawa ni mtu ninayemfahamu, na kwamba ameshapata habari za majani. Delbert akaitikia kwa kichwa. Akatia sahihi ile karatasi yenu ya makubaliano bila kuisoma, na mimi nikaisoma kwa niaba yetu sote wawili kisha nikatia yangu. Kisanduku kinaweza kufungwa siku yoyote utakayokuja na ngazi. Msilete msumeno.

Halafu akauliza kama mtoto wa Colette anaonekana kwenye hii kompyuta. Nikasema bado yuko tumboni, ila tumbo linaonekana. Tukampigia. Akatokea wima, hakukwama hata kidogo, limekua jamani! limekua mpaka halienei kwenye kioo. Nililia, na sioni aibu kuliandika hilo kwenye barua rasmi. Colette akachungulia, "Bibi, huyo mzee nyuma yako aliyekalia ndoo ni nani?" Nikamjibu, "Ni jirani." Delbert akavua kofia.

Kwa hiyo naomba mfute namba ya kwanza mpaka ya saba. Kanisa libaki lilipo, na watalii waje wakati wao. Barua naituma hivyo hivyo kwa sababu nimeichapa kwa kidole kimoja, na kazi ya kidole kimoja haitupwi.

Naandika haya mezani kwake. Amepika chapati za maji, nzito kama godoro, na tumefungua ile chupa ya asali niliyokuja nayo. Ni ya mwaka huu. Alimimina kidogo, akaonja, akaangalia dari.

"Ina machipukizi," akasema, akamimina tena.

B. F.